Fahamu: Mamlaka ya polisi wa Kenya yanaanzia na kuishia wapi?

Nchini Kenya, vifo vya watu wakiwa mikononi mwa polisi vimezua upya mjadala kuhusu mipaka ya kazi ya askari, ambao sheria ya jinai, yaani sheria inayotaja makosa dhidi ya jamii na adhabu zake, huwapa jukumu la kuchunguza na kukamata, wala si la kuhukumu.

Kazi hiyo mara nyingi huanzia kituoni, ambako malalamiko huandikwa katika kitabu cha matukio, maarufu kama OB, na mlalamikaji hupewa namba ya kufuatilia taarifa yake. Mshukiwa akikamatwa, Ibara ya 49 ya Katiba ya mwaka 2010 inataka aelezwe mara moja, kwa lugha anayoielewa, sababu ya kukamatwa na haki yake ya kunyamaza, kisha afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kupita. Muda huo ukiishia nje ya saa za kazi za mahakama, hufikishwa siku ya mahakama inayofuata.

Uamuzi wa kumshtaki ni wa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, ambaye chini ya Ibara ya 157 hahitaji idhini ya yeyote, na ambaye agizo lake la kuchunguza humlazimu Inspekta Jenerali wa Polisi kutii. Askari anayedaiwa kusababisha kifo huchunguzwa na IPOA, mamlaka huru ya kiraia ya kusimamia polisi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011, ambayo hupendekeza mashtaka bila kuyafungua yenyewe.