Miamba Iliyosuguana: Kwa Nini Kisima Kimoja Hupata Maji na cha Jirani Hukosa

Karibu kila kamati ya usharika inayoomba kisima kirefu huuliza swali lile lile: inawezekanaje mtambo uchimbe mita 80 na kutoa vumbi tupu, kisha shimo jingine, hatua mia mbili tu kutoka hapo, litoe maji ya kutosha kitongoji kizima? Wahisani nao huuliza, na wana haki ya kuuliza, kwa nini tunatenga fedha za kupima ardhi kabla ya zile za kuchimba. Maswali haya mawili yana jibu moja, nalo limo ndani ya mwamba.

Eneo kubwa la kati ya nchi yetu limekaa juu ya miamba mikongwe sana ya itale, ambayo wengi tunaiita graniti, na jamii zake. Mingi ina umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Mwamba mzima wa namna hii hauna matundu ya kutunza maji kama mchanga ulivyo. Maji hukaa katika tabaka la juu lililooza na katika nyufa zilizo chini yake. Hivyo basi, anayetafuta maji katika itale kwa kweli anatafuta mahali ilipovunjika, na mara nyingi mahali hapo panafuata kile tutakachokiita hapa ukanda wa msuguano.

Ukanda wa msuguano ni nini? Panga vitabu vya nyimbo kimoja juu ya kingine, kisha sukuma vile vya juu kwa kiganja. Kila kitabu huteleza kidogo juu ya mwenzake, na rundo lililokuwa wima linalala upande. Ndivyo inavyokuwa pale vipande viwili vikubwa vya gamba la dunia vinapopishana. Mwendo haugawanyiki sawasawa katika mwamba wote, bali hukusanyika katika ukanda mwembamba, wa sentimita chache au wa kilomita kadhaa, huku mwamba wa pande zote mbili ukibaki karibu kama ulivyokuwa.

Jinsi mwamba unavyoitikia inategemea joto. Karibu na uso wa dunia mwamba ni baridi, kwa hiyo hupasuka na kusagika. Lakini katika kina cha kilomita 10 hadi 15, joto likizidi nyuzi 300 za Selsiasi hivi, kwatzi huanza kunyumbuka bila kuyeyuka, polepole mno, kama unga wa chapati unaokandwa. Feldispa ni sugu zaidi. Huhitaji nyuzi 450 au zaidi. Matokeo yake ni kama kukanda unga wenye punje za maharage ndani yake: kwatzi hutandazwa kuwa nyuzinyuzi, na feldispa hubaki kama macho madogo yenye mikia. Kwa kutazama mikia hiyo imelalia wapi, mwanajiolojia hutambua upande upi ulikwenda wapi.

Mwamba wa aina hii huitwa mailonaiti. Jina hilo lilitolewa mwaka 1885 na Mwingereza Charles Lapworth, aliyekuwa akichunguza miamba ya kaskazini mwa Scotland, nalo limetokana na neno la Kigiriki la kinu, kwa kuwa aliamini mwamba umesagwa. Baadaye ilijulikana kwamba kwa sehemu kubwa chembe hazikusagwa. Zilijipanga upya na kuwa fuwele mpya, ndogo zaidi. Jina lilikwisha kuzoeleka, likabaki.

Kuna badiliko jingine, nalo ndilo linalotuhusu zaidi. Ukanda wa msuguano huwa njia ya maji ya moto kutoka chini. Maji hayo yakikutana na feldispa huigeuza kuwa mika, madini laini yenye magamba yanayoteleza. Kwa hiyo mahali palipoanza kulegea huzidi kulegea, na mwendo unaofuata hupitia hapo hapo. Aidha, maji hayo hubeba madini. Dhahabu ya Lupa, wilayani Chunya, iliwekwa kwa njia hii karibu miaka bilioni 1.9 iliyopita, katika mishipa ya kwatzi iliyomo ndani ya kanda za msuguano. Wachimbaji wadogo wanaofuata mshipa kwa sururu wanafuata ukanda huo.

Milima ikimomonyoka kwa mamilioni ya miaka, miamba ya chini hupanda na kupoa. Hapo ule udhaifu wa zamani hutumika tena, safari hii kwa kupasuka. Bonde la Ufa lenyewe limepita pembeni mwa kiini kikongwe cha Tanzania, likifuata kanda za milima ya kale. Kaskazini mwa Uganda, mto Aswa unafuata ukanda wa msuguano wenye umri wa zaidi ya miaka milioni 600. Mvua huingia katika nyufa hizo na kuozesha mwamba hadi kina kirefu kuliko pande zake.

Lakini si kila ukanda una maji, na hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Mailonaiti ambayo haikupasuka tena ni ngumu na imebana. Nyingine imeoza kuwa udongo wa mfinyanzi unaozuia maji, hata yakajikusanya upande mmoja tu. Kipimo cha umeme ardhini nacho kinaweza kuona mfinyanzi na kuudhania maji, kwa sababu vyote viwili hupitisha umeme kwa urahisi. Kwa hiyo mistari ya kupima ikatishe ukanda kutoka upande hadi upande, tena mahali zaidi ya pamoja.

Kamati zina kazi yao pia. Kabla mpimaji hajafika, waulizeni wazee ni wapi miti hubaki kijani mwezi wa Oktoba, na kama miti hiyo imejipanga kwa mstari. Kiwanja alichojitolea muumini karibu na kanisa tunakipokea kwa shukrani, ila hakiwezi kuwa sababu ya kuchimba hapo.

Maji yakipatikana yapelekwe maabara kabla ya kunywewa, hasa palipo na mishipa ya dhahabu, kwa maana aseniki hufuatana nayo mara nyingi. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 0.01 kwa lita, na floraidi isizidi 1.5.

Wakati wa kuchimba, waombeni mafundi wapange chini sampuli ya kila mita. Chenga ngumu za kijivu zikibadilika kuwa vipande bapa vinavyong'aa, andikeni kina hicho katika daftari la mradi. Fundi wa pampu atakayekuja miaka kumi baadaye atakihitaji.