Matunzo ya Mtoto Mzazi Anapovuka Ruvuma
Kwa wazazi waliotengana wa Masasi na Newala, mgogoro wa matunzo, yaani fedha za chakula, mavazi, matibabu na shule ya mtoto, huwa mgumu zaidi baba anapovuka Mto Ruvuma kuingia Msumbiji, kwa sababu amri ya mahakama ya nchi moja haijitekelezi yenyewe katika nchi nyingine. Hata ndani ya Tanzania, Zanzibar ina sheria yake ya watoto, ya mwaka 2011, ilhali Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 hutumika Tanzania Bara pekee. Sheria hiyo ya Bara huitaka mahakama ipime kipato cha wazazi wote wawili na gharama za maisha mahali anapoishi mtoto. Hivyo ni haki mkulima wa korosho, anayelipwa baada ya minada, apangiwe malipo yanayofuata msimu, mradi mtoto asilale njaa mwezi Machi, nje ya msimu.