Huna oveni? Keki ya biskuti na chokoleti itakuokoa siku ya birthday

UMEHAMIA keja yako juzi. Chumba ni kimoja, gesi ni ile ya kilo 6, na oveni umeiona tu kwenye video za TikTok. Kesho ni birthday ya mtu wako wa karibu. Unaulizia bei ya keki ya kilo moja, unatajiwa, unasema “sawa, nitakupigia,” na nyote wawili mnajua hutapiga.

Usione haya. Wengi tumepitia hapo.

Mimi nilifika hapo mwaka ambao dada yangu mdogo alitimiza miaka 18. Mama alikuwa ameachishwa kazi miezi miwili kabla. Nyumbani hakuna aliyethubutu kutaja neno sherehe, na dada mwenyewe alikuwa ametuambia mapema kwamba yeye hajali. Alijali sana. Mfukoni nilikuwa na shilingi 700, na nauli ya kurudi chuoni ilikuwa humo humo.

Usiku huo nilitengeneza keki yangu ya kwanza maishani, kwa sufuria ile ile tunayosongea ugali. Sikuoka chochote. Kesho yake dada alimwagiwa maji kwenye ngazi za ploti kama wenzake wote, akaja akakata keki huku akitetemeka. Mama alikula vipande viwili, akauliza nimeinunua wapi.

Keki hiyo ni ya biskuti na chokoleti. Ukiweza kuchemsha chai, hii pia unaiweza.

Usidhani ni keki ya waliokosa

Kabla hujaanza kuona kama unamdanganya mtu kwa kumpa biskuti zilizovunjwa, sikiliza kisa hiki. Oktoba 2010, Mwanamfalme William wa Uingereza na Kate Middleton walikuja likizoni hapa Kenya, na ni hapa hapa walikochumbiana. Walipofunga ndoa jijini London Aprili 29, 2011, keki rasmi ilikuwa ya matunda, yenye ghorofa kadhaa. Lakini bwana harusi aliagiza na ya pili, ile aliyoipenda tangu utotoni: keki ya biskuti na chokoleti, isiyopitia oveni. Kampuni ya McVitie's ndiyo iliyoitengeneza, kwa biskuti za kawaida za kunywea chai.

Na si Waingereza peke yao. Waitaliano huiviringisha ikafanana na soseji kubwa, wakaikata vipande vya mviringo. Waturuki wana yao, na Walebanoni nao wameipa jina la keki ya wavivu. Malaysia huitengeneza kwa biskuti za Marie, zile zile ambazo wewe umezichovya kwenye chai tangu ukiwa nasari. Kwa hivyo ukiiweka mezani, iweke kifua mbele.

Unachohitaji

Vipimo hivi vinatoa keki ya karibu kilo 1.2, vipande 16 vya kutosha. Kikombe ninachozungumzia ni cha mililita 250.

• Biskuti za Marie au digestive, gramu 400
• Majarini au siagi, gramu 150 (zaidi kidogo ya nusu ya kopo la gramu 250)
• Sukari, robo tatu ya kikombe
• Unga wa kakao usio na sukari, nusu kikombe
• Maziwa, nusu kikombe
• Vanila, kijiko kimoja cha chai
• Chumvi, ya kubana kwa vidole viwili
• Karanga za kukaanga, gramu 100, ukipenda
• Kwa kufunika juu: chokoleti ya kupikia gramu 150 na maziwa vijiko vinne vikubwa

Kama bajeti imebana, acha karanga na chokoleti ya juu. Keki itabaki keki. Usichopaswa kubadilisha ovyo ni kakao. Watu wengi huchukua ile chokoleti ya kunywa kwa sababu iko tayari kabatini. Ile ina sukari nyingi na kakao kidogo, hivyo mchuzi wako utakuwa mtamu wa kukereketa koo na hautakuwa mzito. Ikiwa ndiyo pekee uliyo nayo, punguza sukari iliyoandikwa hapo juu kwa nusu au zaidi, na usitarajie rangi nyeusi ya kuvutia.

Ukiona kakao imepanda bei, usimgombeze mwenye duka. Zaidi ya nusu ya kakao ya dunia hutoka mataifa mawili tu, Ivory Coast na Ghana. Mavuno yao yalipokuwa mabaya, bei katika soko la dunia ilipita dola 10,000 kwa tani mwaka 2024. Mvua ikikosea Afrika Magharibi, wewe unaihisi ukiwa umesimama dukani Pipeline.

Hatua kwa hatua

1. Andaa chombo. Kopo la kuokea mkate ni zuri, lakini hata bakuli la mraba au kopo la aiskrimu linatosha. Tandaza foili ndani, ncha zake zikining'inia nje ili uzivute baadaye. Ipake majarini kidogo.

2. Vunja biskuti kwa mikono. Kila biskuti ivunje vipande vinne au vitano. Usizitwange! Zikiwa unga, utapata kitu kama udongo wa mfinyanzi. Uzuri wa keki hii ni pale unapoikata na vipande vya biskuti vinaonekana ndani kama vigae.

3. Tia majarini, sukari, kakao na maziwa kwenye sufuria. Washa moto mdogo. Koroga bila kuacha hadi majarini iyeyuke na sukari isisikike tena chini ya mwiko. Mchuzi ukianza kutokota, hesabu dakika mbili au tatu huku ukikoroga, kisha epua. Uwe mzito kama uji wa mtoto.

4. Ongeza vanila na chumvi. Chumvi usiiruke, ndiyo inayofanya ladha ya kakao ijitokeze. Acha mchuzi upoe dakika kumi. Ukiumwaga ukiwa wa moto sana, biskuti zitalowa na kuwa laini.

5. Changanya na biskuti pamoja na karanga. Geuza taratibu kutoka chini kwenda juu mpaka kila kipande kipate mchuzi.

6. Mimina kwenye chombo na ushindilie. Hapa weka nguvu. Tumia sehemu ya chini ya kikombe kubonyeza hadi pembe zote zijae. Nafasi za hewa ndizo zinazofanya keki ivunjike ukianza kuikata.

7. Funika, weka kwenye friji kwa saa nne au zaidi. Ikilala usiku mzima, ni bora.

8. Mwishowe, yeyusha chokoleti ya juu. Katakata chokoleti, itie pamoja na maziwa kwenye bakuli kavu, kisha weka bakuli juu ya sufuria yenye maji yanayochemka polepole. Bakuli lisiguse maji. Koroga mpaka iwe laini, mwagia juu ya keki, irudishe ipoe kwa saa moja.

Kukata, chovya kisu kwenye maji moto, kipanguse, kata. Rudia kwa kila kipande.

Kuna mapishi yanayotaka yai bichi humu ndani. Mimi siliweki. Keki hii haiokwi, na yai lisiloiva linaweza kubeba bakteria ya salmonella. Huwezi kujua nani atakula: labda mama mjamzito, labda nyanya yako.

Na kama friji pia huna?

Juni hadi Agosti, mtu wa Nairobi hana sababu ya kulalamika. Baridi ya usiku wa Julai inatosha. Funika keki vizuri isiingiwe na mende wala vumbi, iweke karibu na dirisha, asubuhi utaikuta imeshikana.

Miezi ya joto, ongea na mwenye duka aliye na friji ya soda. Mwahidi kipande. Sijawahi kumwona aliyekataa. Au nunua barafu, ipange kwenye ndoo, tumbukiza chombo chako kikiwa kimefungwa kisiingie maji, kisha funika ndoo kwa blanketi. Blanketi halitapasha joto. Linazuia joto la nje lisiingie.

Wewe uliye Mombasa, Malindi au Lamu, ukweli ni huu: mafuta ya kakao huyeyuka kwenye nyuzi 34 hivi, na huanza kulegea kabla ya hapo. Keki itoe kwenye friji wageni wakiwa wameshaketi.

Ukiharibu, usitupe

Chokoleti ya juu imegandamana ghafla ikawa kama mchanga? Huenda matone machache ya maji au mvuke yameingia ukiiyeyusha. Ajabu ni kwamba dawa yake ni kuongeza majimaji zaidi. Tia maziwa ya moto, kijiko kimoja kimoja, huku ukikoroga kwa nguvu. Italainika tena na kuwa mchuzi wa kumwagia juu.

Keki imekataa kushikana? Mchuzi wako ulikuwa mwepesi au hukungoja. Irudishe kwenye bakuli, ongeza biskuti kadhaa, ishindilie upya. Ikigoma kabisa, viringisha vipira kwa mkono, vizungushe kwenye kakao, na uwaambie watu ndivyo ulivyopanga.

Unataka kuifanya hustle?

Baada ya birthday ya dada, nilijiona fundi. Nikaweka picha kwenye status, na wiki haikuisha kabla ya kupata oda ya kwanza: keki nzima, ifikishwe town saa saba mchana. Mteja alituma nusu ya pesa. Nikanunua viungo, kilichobaki nikakijumlisha kwenye hesabu ya kodi hata kabla ya kufikisha keki.

Ilikuwa Februari. Jogoo Road, matatu haisongi, jua linaingia dirishani na keki nimeipakata mapajani. Nilipofungua boksi mbele ya mteja, chokoleti ilikuwa imeteremkia upande mmoja na jina la mtoto wake halisomeki. Hakunifokea. Alinitazama tu, kisha akaangalia saa. Nilimrudishia pesa zake zote, nyingine nikazikopa, na mwezi huo kodi ilichelewa. Kumweleza landlord kwamba keki imeyeyuka si kazi rahisi, ndugu yangu.

Kwa hivyo nisikie mimi niliyelipa karo ya somo hili. Kwanza, peleka keki asubuhi, ikiwa imetoka kwenye baridi ya usiku mzima, na uweke barafu iliyofungwa kando yake. Pili, kwa oda za mbali tumia ile chokoleti ya kupikia iliyotengenezwa kwa mafuta ya mboga badala ya mafuta ya kakao. Huvumilia joto kidogo zaidi. Tatu, pesa ya deposit si yako mpaka mteja aipokee keki.

Nne, piga hesabu kwa ukweli. Tuseme viungo vimekula shilingi 850 na umepata vipande 16. Ukiuza kipande shilingi 70, unakusanya 1,120. Unaona faida ya 270, unafurahi. Sasa toa vibokosi 16 vya shilingi kumi kumi: imebaki 110. Toa nauli ya kwenda na kurudi. Hapo umewafanyia watu kazi ya bure, na gesi hata hatujaitaja. Kipande hicho hicho kwa shilingi 100 kinaleta 1,600. Ukiondoa viungo, vibokosi na nauli ya 120, unabaki na 470. Kama wateja wa mtaa wako hawawezi kutoa mia, punguza ukubwa wa kipande. Usipunguze bei ukijifariji kwamba utajazia baadaye.

Na kama unauzia umma kwa uzito, jipange mapema na serikali ya kaunti kuhusu leseni, na upimwe upate cheti cha afya cha wanaoshughulikia chakula, ambacho hufanywa upya kila miezi sita. Ukitaka bidhaa yako iingie kwenye rafu za maduka, utahitaji alama ya ubora ya KEBS. Halafu kama umeweka karanga, mwambie kila mnunuzi bila kungoja aulize. Kuna watu ambao karanga moja inawapeleka hospitalini.

Sikuahidi utajiri. Mimi mwenyewe siku hizi natengeneza oda mbili tatu kwa mwezi, zinalipa intaneti na gesi, basi. Lakini kila mwaka, siku ya birthday ya dada, siuzi kwa mtu yeyote. Mama alipata kazi nyingine, na sasa tunaweza kununua keki ya duka tukitaka. Mwaka jana nilimuuliza dada kama anataka moja, yenye krimu na maua na jina lake.

Akasema anataka ile ya sufuria ya ugali.