Kazi Yavuka Mpaka

Zamani mtu wa Masafu aendaye Kenya aliiacha kazi yake nyumbani. Siku hizi mke wa askari atunzaye hesabu za duka la Kampala kwa kompyuta, aendapo Busia ya Kenya kumuuguza mamaye, huibeba kazi mkobani.

Mpaka wenyewe hauna tabu. Tangu 2014 raia wa Uganda, Kenya na Rwanda husafiri kwa kitambulisho cha taifa, na saa ni zile zile. (Tajiri angalikuwa London, saa tatu zake za asubuhi zingalikuwa saa sita zetu za mchana, na wakati wa kiangazi chao saa tano.) Lakini kitambulisho si kibali cha kazi. Mwaka 2024 Kenya ilitangaza kibali maalumu kwa wageni wafanyao kazi za waajiri wa nje. Akaaye muda mrefu yafaa aulize uhamiaji mapema.

Tabu hasa i sebuleni. Wasamia wako pande zote mbili, na mgeni ni mtoto wa nyumba. “Mwanangu, kwa kuwa umekaa tu, kanichotee maji.” Atakataaje? Juma la kwanza hesabu hufanywa usiku, kando ya kitanda cha mgonjwa. Juma la pili tarakimu huanza kukosewa, na tajiri hupiga simu.

Hapo ndipo husema: “Mama mdogo, toka saa mbili hadi saa saba nipo zamu, kama baba watoto alivyo lindoni.”

Neno zamu hueleweka. Saa saba kamili, ndoo huwa mlangoni.