Dhoruba ikipiga Wiki ya Mitindo, mwanamitindo analipwa na nani?

Ukiwa Manyoni au Kiomboi na simu yako mkononi, unachokiona kuhusu wanamitindo wa New York ni taa, viatu virefu na makofi. Wiki yenyewe ya kazi huioni. Na wiki hiyo ikigongana na hali mbaya ya hewa, ndipo utajua hii ni kazi kama kazi nyingine, tena yenye hesabu ngumu.

Chukua Februari 2013. Wiki ya Mitindo ya New York ilianza Alhamisi, tarehe 7. Kesho yake theluji ikaanza kudondoka, dhoruba ambayo kituo cha televisheni cha The Weather Channel kiliipa jina la Nemo. Kufikia Jumamosi, bustani ya Central Park ilikuwa na theluji ya takriban sentimita 29. Maelfu ya safari za ndege zilifutwa. Sisi Singida tumezoea mvua za Desemba hadi Aprili, na muda uliobaki ni upepo na vumbi. Sasa vuta picha unatembea kwenye barafu inayofika katikati ya muundi, begani una begi lenye viatu vya kisigino, na unatakiwa kwenye usaili sehemu tatu kabla ya jioni.

Maana maonesho hayakusimama. Watu waliteleza, magari yalikwama, lakini mahema ya Lincoln Center yalifunguliwa kama kawaida.

Aliyesogeza tarehe ni mbunifu Marc Jacobs. Onesho lake lilikuwa Jumatatu, tarehe 11. Kwa sababu ya dhoruba mizigo yake ilichelewa, akalipeleka Alhamisi usiku, tarehe 14. La nguo zake za bei nafuu nalo likasogea mpaka Ijumaa.

Siku tatu tu, si kitu? Kwa mwanamitindo ni kitu kikubwa sana.

Ijumaa hiyohiyo, tarehe 15, Wiki ya Mitindo ya London ilikuwa inaanza. Ndege ya New York kwenda London huchukua takriban saa saba, na saa za London ziko mbele kwa saa tano. Anayebaki kwa ajili ya Jacobs anafika London amechoka, wenzake wameshafanya usaili na wamepimwa nguo. Anayeondoka mapema anakosa moja ya maonesho yanayoangaliwa zaidi mjini. Na tiketi ilikuwa imeshakatwa.

Hapo ndipo uelewe namna nafasi zinavyotolewa. Mteja hakuajiri moja kwa moja. Kwanza anamwambia wakala wako akushikilie siku fulani, bila kulipa chochote. Wateja wawili au watatu wanaweza kuishikilia siku moja, kila mmoja kwa foleni yake. Uthibitisho huja dakika za mwisho, mara nyingi usiku wa kuamkia kazi. Kwa hiyo mkubwa mmoja akihamisha tarehe, wote waliopangwa nyuma yake wanapanguliwa. Msichana aliyekuwa na kazi mbili anajikuta hana hata moja, na hakuna aliyemkosea kisheria.

Hela nazo si zile watu wanazodhani. Wabunifu wadogo wa New York wamekuwa na desturi ya kumlipa mwanamitindo kwa nguo badala ya fedha. Gauni zuri, sawa, lakini mwenye nyumba hapokei gauni. Upande wa pili, wakala alitanguliza gharama: tiketi ya ndege, kitanda kwenye nyumba wanayokaa wanamitindo wengi pamoja, picha, viza. Wengi walidhani ni zawadi. Ulikuwa mkopo, uliokatwa kwenye malipo yako. Dhoruba ilipofuta kazi ya siku mbili, kitanda kiliendelea kuhesabiwa.

Ndege ikifutwa je? Marekani, kwa hali ya hewa, shirika linakurudishia nauli ukiamua kutosafiri, ila halilazimiki kukulipia hoteli. Ulaya ni tofauti kidogo: fidia ya fedha hupati kwa dhoruba, lakini chakula na mahali pa kulala ni haki yako wakati unasubiri. Wasafiri wengi hawalijui hili, wanalala kwenye viti vya uwanja wa ndege wakati wangedai chumba.

Watanzania wameshapita njia hii na wakafika mbali. Flaviana Matata, mzaliwa wa jirani zetu Shinyanga, alitwaa Miss Universe Tanzania mwaka 2007 akiwa amenyoa kipara, akaingia kumi bora ya dunia kule Mexico, kisha akafanya kazi Afrika Kusini na New York. Millen Magese, Miss Tanzania 2001, naye alifanya kazi Marekani. Herieth Paul alizaliwa Dar es Salaam, akakulia Canada, na ameshapanda jukwaa la Victoria's Secret.

Sheria za New York zimebadilika tangu enzi hizo. Sheria ya wafanyakazi wa mitindo iliyosainiwa Desemba 2024 ilianza kutumika Juni 2025. Wakala haruhusiwi kuchukua zaidi ya asilimia 20 ya malipo, hatakiwi kukudai ada ya kujiunga, na lazima akupe nakala ya mikataba yako. Theluji haikuzuiliwa na sheria hiyo, lakini angalau unajua nani anakata nini.

Sasa binti wa Singida akitumiwa ujumbe Instagram kwamba "tumekuona, njoo New York", aanzie wapi? Aanze na viza. Kazi ya mitindo Marekani haifanywi kwa viza ya utalii. Kuna H-1B, ileile ya wataalamu wa kompyuta, ambayo ina kipengele cha wanamitindo, na anayeomba kibali ni kampuni ya huko. Akishaambiwa "ingia kama mtalii, mengine tutapanga", hapo pana shida.

Kabla hujapanda basi la Dodoma ukaunganishe treni ya SGR kwenda Dar kwa usaili wa ubalozi, dai mkataba usomeke: gharama zipi ni mkopo, kazi ikifutwa unalipwa kiasi gani, tiketi ya kurudi iko kwa nani, pasi ya kusafiria inakaa kwa nani. Hilo la mwisho jibu lake ni moja tu: kwako. Wakala wa ajira wa hapa nchini anatakiwa awe na leseni, na unaweza kuulizia ofisi ya kazi. Usafirishaji haramu wa watu ni kosa la jinai Tanzania tangu sheria ya 2008, hata kama umedanganywa kwa jina la mitindo.

Jambo moja kwa mzazi. Februari, ikiwa saa nne usiku Singida, New York ni saa nane mchana, yaani binti yupo katikati ya kazi. Asipopokea, mtafute alfajiri saa kumi na moja. Kwake itakuwa saa tatu usiku, ameshavua viatu.