Nahodha, Mwenye Chombo na Mshika Usukani: Dhima ni ya Nani?

Mfasiri aliyeko Dodoma, mbali na pwani, hukutana na bahari katika karatasi. Tangu mwaka 2021, Kiswahili kilipofanywa lugha ya sheria na ya mahakama nchini, istilahi zinazomtaja mwenye amri chomboni zimehitaji uangalifu zaidi.

Tuchukue mfano wa mashua ya tanga ya matembezi. Mwenye mashua amekaa na wageni wake. Rafiki yake, aliye hodari zaidi, amekabidhiwa amri. Kijana mmoja ameshika usukani. Wakigonga ngalawa ya mvuvi, nani atajibu?

Sisi wa bara tumezoea basi la Kondoa au Mpwapwa: ashikaye usukani ndiye dereva, na ndiye anayeulizwa. Baharini mkono na amri huweza kutengana.

Neno nahodha asili yake ni Kiajemi, kwa maana ya bwana wa chombo. Katika biashara ya kale ya Bahari ya Hindi, nahodha mara nyingi alikuwa pia mwenye chombo au wakili wake. Sheria za leo huwatenga. Kanuni za Kimataifa za Kuzuia Migongano Baharini za mwaka 1972, katika kanuni ya pili, humtaja mwenye chombo, nahodha na mabaharia kila mmoja mbali, wala hazimwepushi yeyote na matokeo ya uzembe. Mashua ya burudani nayo imo.

Kwa hiyo yafaa ieleweke hivi. Nahodha ni aliyekabidhiwa amri katika safari ile, awe anakimiliki chombo au la; katika mfano wetu ni yule rafiki. Mshika usukani hutekeleza amri, na hujibu kwa uzembe wake mwenyewe. Zamu ikibadilika, unahodha hauhami. Rubani wa bandari huonyesha njia, lakini kwa kawaida hamwondolei nahodha dhima. Mwenye chombo hujibu kuhusu uzima wa chombo na kufaa kwa nahodha aliyemchagua.

Mfasiri akiandika "mwenye chombo" palipostahili "nahodha", aweza kumtwisha mtu shtaka lisilo lake. Wahenga walisema manahodha wengi, chombo huenda mrama. Basi mwenye amri na atajwe kabla ya kutweka tanga. Na katika tafsiri, neno moja lishike maana moja toka ibara ya kwanza hadi ya mwisho.