Kujichora Si Kujiona

Kiswahili kina kiambishi kidogo chenye makuu: -ji-. Ukikipachika katika kitenzi, mtenda na mtendwa huwa mmoja. Anayenyoa huhitaji kichwa cha mwenziwe, ilhali anayejinyoa ameuelekeza wembe kwenye kidevu chake mwenyewe. Walakini kiambishi hiki hakina tabia moja. Kuona ni kazi ya macho, lakini kujiona ni majivuno. Kusikia ni kazi ya masikio, lakini kujisikia, kwa wasemaji wengi, ni kiburi vilevile. Yaelekea waliotuachia lugha hii walimshuku mtu aliyejishughulisha mno na nafsi yake.

Shuku hiyo humwandama pia msanii anayechora sura yake mwenyewe. Mtazamaji akiambiwa kwamba aliyechorwa ndiye aliyechora, huuliza: je, hakupata mwingine wa kumchora? Swali hili ni la haki. Tukilielekeza kwa Vincent van Gogh, mchoraji Mholanzi aliyezaliwa mwaka 1853, jibu lake ni jepesi: mara nyingi hakupata.

Van Gogh hakuanza kazi hiyo mapema. Alifanya kazi katika biashara ya picha, akawa mwalimu msaidizi mjini Ramsgate, Uingereza, mwaka 1876, kisha akahubiri miongoni mwa wachimba makaa wa Ubelgiji. Alipokata shauri mwaka 1880 kuwa mchoraji, alikuwa na umri wa miaka 27, na miaka aliyobakiwa nayo duniani haikuzidi 10. Mapema mwaka 1886 alijiunga na chuo cha sanaa mjini Antwerp, akagongana na walimu wake juu ya namna ya kuchora, akaondoka baada ya majuma machache. Mwishoni mwa Machi, yeye akiwa amekwisha kufika Paris, walimu wale waliamua kwamba wanafunzi 17, naye miongoni mwao, warudie mwaka.

Huko Paris aliishi kwa fedha za nduguye, Theo. Mtu wa kuketi kimya ili achorwe hudai malipo, na malipo hayakuwapo. Kilichokuwapo ni kioo, na uso usiodai chochote. Katika miaka miwili ya Paris alijichora zaidi ya mara 20. Picha za aina hiyo zilizosalia leo ni kama 35 kwa jumla. Mwaka 1888, akiwa amehamia Arles, kusini mwa Ufaransa, alimwandikia Theo kwamba amenunua kioo kizuri makusudi, apate kujichora kwa kukosa mtu mwingine.

Hapa ndipo penye fundisho ninalotaka walimu na wanafunzi walitafakari. Ukizitandaza picha hizo kwa utaratibu wa miaka, utagundua kwamba uso ni ule ule, bali mkono unabadilika. Mwaka 1885, alipochora wakulima wakila viazi, rangi zake zilikuwa za udongo na giza. Baada ya kukutana na kazi za wachoraji wapya wa Paris, aliujaribia uso wake kila alichokiona. Katika picha ya mwaka 1887 iliyoko Chicago, amejaza nukta na vistari vya rangi zinazopingana, nyekundu kando ya kijani. Katika nyingine ya mwaka huo huo, iliyoko Amsterdam, amevaa kofia ya kijivu, na vistari vinamzunguka kichwa mfano wa mawimbi. Hata nyuzi za sufi alizisokota pamoja katika vidonge ili aone rangi ipi yapatana na ipi kabla ya kushika brashi. Aliyekuwa akijisifu angechagua mtindo mmoja uliompendeza akashikamana nao. Huyu alikuwa akijitahini.

Ugumu haukuwa wa fedha pekee. Kioo chenyewe hugeuza mambo. Desemba 1888, katika ugonjwa wa akili, alijijeruhi sikio la kushoto. Katika picha aliyoichora Januari 1889, iliyoko London, bendeji inaonekana upande wa kulia. Alichora alichokiona kiooni, bila kukisahihisha. Mwezi Mei mwaka huo alijipeleka katika hospitali ya wagonjwa wa akili huko Saint-Rémy. Julai maradhi yalimrudia, akashindwa kufanya kazi kwa majuma kadhaa. Alipoanza kupata nafuu, uso wake ulikuwa miongoni mwa vitu vya kwanza alivyovirudia. Picha moja ya Septemba, iliyoko Washington, inamwonyesha mkondefu, uso umepauka, ameshika kibao cha rangi. Nyingine ya mwezi huo huo, iliyoko Paris, imetulia usoni, bali nyuma yake rangi zinazunguka kama maji ya mkondo. Alimwandikia nduguye kwamba ni vigumu mtu kujijua, na kwamba kujichora nako si rahisi.

Wapo wanaodai kwamba wazimu ndio uliomfanya msanii. Mimi sikubali. Maradhi yalimnyang'anya siku za kazi. Kilichompa picha ni mazoezi.

Mimi ni mtu wa lugha, si wa rangi. Hata hivyo, nisomapo insha za wanafunzi wanaojieleza, naona kilema ambacho kioo cha Van Gogh kingetibu. Mwanafunzi anaulizwa yeye ni nani, naye anajibu kwa jua lililochomoza, ndege walioimba na misemo aliyokariri kwa ajili ya mtihani. Uso wake haumo. Simlaumu. Amefundishwa kwamba kila jaribio lina alama, na kwamba jaribio lililokwenda upande ni hasara. Nani atajaribu nukta na vistari, iwapo kalamu nyekundu inamngoja mlangoni?

Mtaala wa umilisi, ulioanza kutumiwa kote nchini mwaka 2019, unasisitiza kutenda kuliko kukariri. Basi na tutende. Napendekeza mwalimu atoe mada moja, "Mimi," mara tatu katika muhula: kwanza kwa masimulizi, pili kwa mazungumzo, tatu kwa barua. Mbili za kwanza zisipewe alama kamwe, zijadiliwe tu. Mwalimu wa sanaa afanye vivyo hivyo kwa penseli, makaa na rangi, mbele ya kioo cha bei nafuu. Gharama ni ndogo, na kielelezo hakichoki kuketi.

Vijana watasema kwamba tayari wanajipiga picha kwa simu, tena mamia kwa siku. Ni kweli. Lakini simu humalizia kazi pale ambapo kioo huianzia: haimlazimishi mtu kuuliza pua yake imeinamia wapi, wala kivuli cha jicho kina rangi gani, na nyingine humlainishia ngozi kabla hajaomba. Ngamia haoni nunduye, wasema wahenga, na simu ya namna hiyo humfichia nundu kwa hiari. Anayeketi saa nzima kuichora, au kuiandika, ndiye atakayejua ilipo na umbo lake.